Ndoo Moja kwa Saa Moja

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ni hili: "Dada fundi, maji ya moto yakiisha, nikae muda gani ndipo yarudi?" Wananiuliza akina mama wenye watoto wa shule, wenye gesti, walimu wa bweni, hata wauzaji wa madukani ambao nilitarajia wao ndio wanijibu mimi. Mji wetu wa Njombe uko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba ukungu ukishatanda alfajiri, maji ya bomba yanauma vidole, na mtoto anayelazimishwa kuyaoga anatetemeka mpaka anafika shuleni. Huku maji ya moto si anasa. Ndiyo maana nataka kulijibu swali hili kikamilifu, kwa namna ambayo mtu yeyote anayejua kugawanya na kuzidisha ataweza kujijibu mwenyewe dukani kabla hajatoa fedha yake.

Jibu fupi ni hili: kwa maji yetu ya nyanda za juu, kila kilowati moja ya koili inapasha moto ndoo moja ya lita 20 kwa saa moja. Hita yenye koili ya kilowati moja na nusu inapasha ndoo moja na nusu kwa saa. Yenye kilowati tatu, ndoo tatu. Tangi la lita 50 ni ndoo mbili na nusu, kwa hiyo koili ya kilowati moja na nusu italipasha kwa saa moja na dakika 40 kutoka baridi hadi moto kamili. Tangi la lita 100 lenye koili hiyohiyo, saa tatu na dakika 20.

Hesabu yenyewe inatoka wapi? Uniti moja ya umeme, ile tunayonunua kwa LUKU, ni kazi ya kilowati moja kwa saa nzima. Uniti hiyo ina nguvu ya kupandisha joto la lita 860 za maji kwa nyuzi moja. Maji ya bomba hapa mjini, nikiyapima kwa kipimajoto ninachotembea nacho kwenye begi la vifaa, huwa kama nyuzi 17 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hita nyingi zinajizima maji yakifika nyuzi 60. Tofauti ni nyuzi 43. Gawanya 860 kwa 43, unapata 20, na hiyo ndiyo ndoo yetu. Uniti moja, ndoo moja.

Hesabu hii haijali hita imetengenezwa Italia, China au Uturuki, wala haijali rangi wala taa zinazowaka mbele yake. Umeme ukipita kwenye koili iliyozama ndani ya maji, wote unageuka joto na joto lote linaingia majini. Hakuna koili inayopasha haraka kuliko wati zake. Muuzaji akikuambia kwamba hii ya kilowati moja na nusu "ni ya kisasa, inachukua dakika ishirini," mwombe akuonyeshe kibandiko kilicho ubavuni. Kibandiko ndicho kinachosema ukweli: kina lita na kina wati. Gawanya lita kwa 20 upate ndoo, kisha gawanya ndoo kwa kilowati upate saa. Nimewaona watu wakichagua kati ya tangi la lita 50 na la lita 80 kwa kuamini kwamba kubwa ndilo lenye nguvu, kumbe yote mawili yana koili ya wati 1,500. Kubwa linahifadhi zaidi, hilo ni kweli, lakini likishaisha utalisubiri saa mbili na dakika 40.

Marekani hita ya tangi inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani hubandikwa karatasi ya njano inayomweleza mnunuzi maji ya moto atakayopata katika saa ya kwanza ya matumizi, yaani yaliyomo tangini pamoja na yale yanayopashwa wakati mengine yanatumika. Natamani sana kibandiko kama hicho kingekuwa cha lazima hapa kwetu. Watu wangeacha kununua lita peke yake.

Sasa, maji ya nyuzi 60 hayaogwi, yanachanganywa. Maji ya kuogea yanayompendeza mtu mzima ni kama nyuzi 40. Kwa maji yetu ya nyuzi 17, kila ndoo moja ya moto ukiichanganya na baridi inakupa karibu ndoo mbili za kuogea, lita 37 hivi. Kwenye karatasi, tangi la lita 50 lingekupa zaidi ya lita 90. Bafuni hupati zote, kwa sababu kila lita ya moto inayotoka juu ya tangi inafuatwa na lita ya baridi inayoingia chini, na baada ya muda hizo mbili zinaanza kuonana. Tangi la kusimama wima linatunza moto juu na baridi chini vizuri zaidi. Tangi la kulala, ambalo mafundi tunalipenda kwa sababu linaenea juu ya dari, linachanganya mapema. Mimi humwambia mteja ahesabu robo tatu ya tangi, na kama ni la kulala ahesabu pungufu ya hapo.

Nikupeleke kwenye nyumba moja ya Mjimwema, hapahapa Njombe, maana pale ndipo hesabu zote hizi zilipokutana. Mama wa nyumba ni mtu mzima, nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kupoteza muda akaniambia: "Mwanangu, hita hii mbovu. Tumefunga mpya na watoto bado wanaoga baridi." Nyumba ina watu sita. Tangi ni la lita 80, koili ya wati 1,500, limefungwa vizuri, waya ni sahihi, erthi ipo. Nilipima koili kwa mita, ikawa nzima kabisa. Nikamwuliza wanaiwasha saa ngapi. Akasema ili kubana umeme, wanaizima usiku na kuiwasha saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kwanza anaingia bafuni saa kumi na moja na nusu.

Tuliketi jikoni tukaandika nyuma ya bahasha. Nusu saa ya kilowati moja na nusu ni robo tatu ya uniti. Ukiigawa kwenye lita 80, inapandisha maji nyuzi nane tu. Yule mtoto wa kwanza alikuwa anaoga maji ya nyuzi 25. Wa pili anayeingia saa kumi na mbili kasoro robo anakuta maji yaliyopanda kidogo yakapunguzwa na baridi aliyoiruhusu ndugu yake. Saa kumi na mbili na nusu, wakati baba anaingia, ndipo tangi lingekuwa limefika nyuzi 40, kama lisingeguswa na mtu. Hita ilikuwa inafanya kazi yake yote. Ilikuwa inaombwa saa mbili na dakika 40 za kazi katika nusu saa.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Watu wanadhani hita ikianza kupasha, maji ya juu yanapata moto kwanza, basi mtu mmoja anaweza kuoga mapema. Katika hita zetu nyingi koili iko chini. Maji yaliyopashwa yanapanda, ya baridi yanashuka, na tangi zima linapanda joto pamoja. Ukitaka hata ndoo moja ya nyuzi 40, lazima tangi zima lifike 40. Kwa tangi la lita 50 na kilowati moja na nusu, hiyo ni kama dakika 53 kuanzia baridi. Kwa tangi la lita 80, saa moja na dakika 25. Ndiyo maana familia ndogo inayooga kwa kupishana inaweza kuhudumiwa vizuri zaidi na tangi dogo kuliko kubwa.

Na usitegemee kwamba hita itakimbizana na anayeoga. Mtu anayeoga dakika kumi, kwa bomba la mvua linalotoa lita nane kwa dakika, anatumia lita 80 za maji yaliyochanganywa, ambamo zaidi ya lita 40 zimetoka tangini. Katika dakika hizo kumi, koili ya kilowati moja na nusu imepasha robo ya ndoo, lita tano. Kwa hesabu hii, unachooga asubuhi ni kile kilichopashwa usiku.

Kwa mama wa Mjimwema nilishauri mambo mawili, hakuna hata moja lililokuwa hita mpya. La kwanza ni taima, swichi ya saa inayowasha hita saa tisa usiku nyumba nzima ikiwa imelala, ili saa kumi na moja na nusu iwe imekaribia kumaliza. La pili ni kichwa cha bomba la mvua kinachotoa lita tano kwa dakika badala ya nane. Tangi lake likiwa moto kamili linatoa kama lita 112 za kuogea. Kwa lita nane kwa dakika ni dakika 14, mbili na kidogo kwa kila mtu, na hapo lazima ugomvi uzuke. Kwa lita tano ni dakika 22 hivi, karibu nne kwa kila mtu. Hilo la kichwa cha bomba ni kifaa kidogo ambacho kimetuliza nyumba nyingi kuliko koili zote nilizobadilisha.

Kuna njia ya tatu, kuweka koili ya kilowati tatu kama tangi linaikubali. Saa mbili na dakika 40 zingekuwa saa moja na dakika 20. Umeme unaotumika kupasha maji yaleyale hauongezeki, uniti ni zilezile nne. Kinachoongezeka ni mzigo kwenye waya kwa wakati mmoja, kutoka kama ampia sita na nusu hadi 13, na waya, swichi na breka lazima vistahimili mzigo huo. Sipendi kusikia koili imebadilishwa na swichi ya taa ikaachwa palepale.

Nimesema nyuzi 17, lakini si kila mahali wala kila mwezi. Julai kipimajoto changu kimewahi kusoma 13 kwenye bomba la asubuhi, hasa pale maji yanapokaa usiku kucha kwenye simtanki lililo juu ya mnara wazi. Tofauti inakuwa nyuzi 47, na tangi la lita 50 lililochukua saa moja na dakika 40 sasa linataka saa moja na dakika 49. Kwa ndugu yako aliye Dar es Salaam, ambako maji ya bomba ni ya nyuzi 27 hivi, tangi hilohilo linakuwa tayari kwa saa moja na dakika 17, na tena atachanganya maji ya moto kidogo tu. Kwa hiyo usinunue hita kwa sifa alizokupa mtu wa pwani.

Jambo jingine linaloiba muda ni volti. Mwingereza James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alionyesha mwaka 1841 kwamba joto la waya linafuata mkondo wa umeme uliozidishwa kwa wenyewe. Kwetu sisi maana yake ni kwamba volti zikipungua kidogo, joto linapungua sana. Koili iliyoandikwa kilowati mbili kwa volti 230, ikipewa volti 190, inatoa chini ya kilowati 1.4. Tangi la lita 50 lililohitaji saa moja na robo sasa linahitaji saa moja na dakika 50. Nyumba zilizo mwisho wa laini, mbali na transfoma, zinajua hali hii: saa moja usiku taa zinafifia, friji inanguruma, na hita inajikokota. Mteja ananiita niangalie koili. Ninatoa mita ya volti kwanza.

Volti ndogo inaiumiza zaidi hita ya papo kwa papo, ile isiyo na tangi, inayofungwa pale kichwani mwa bomba la mvua. Nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki ni za mtindo wa Brazil, na nguvu yake ni kama kilowati 5.5. Hiyo haina kusubiri, inapasha maji yakiwa njiani. Lakini nayo iko chini ya hesabu ileile. Kilowati 5.5 zinaweza kupandisha lita tatu kwa dakika kwa nyuzi 26, kutoka 17 hadi 43. Ukifungua bomba upate lita nne kwa dakika, unapata nyuzi 37. Fungua zaidi, yanapoa zaidi. Watu wa huku baridi wanalalamika kwamba maji yanatoka kama uzi. Lazima yatoke kama uzi, kwa sababu nguvu haitoshi kupasha mengi. Volti zikishuka hadi 180, uzi huohuo wa lita tatu unafika nyuzi 33 tu, na hapo mtu anaona baridi. Yule wa Dar, anayeanza na maji ya nyuzi 27, anafurahia lita sita kwa dakika kwa kifaa hichohicho.

Naomba hapa unisikilize kwa makini. Kifaa hiki kinavuta ampia 24, na kiko juu ya kichwa cha mtu aliyelowa. Kinahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, usiopungua milimita 4 za mraba, na mimi huweka wa 6 kama njia ni ndefu. Kinahitaji breka yake, erthi inayofanya kazi kweli, na kile kifaa kinachokata umeme mara moja ukivuja hata miliampia 30. Nimeingia nyumba ambazo kimeungwa kwenye waya wa soketi na erthi imekatwa ikaachwa inaning'inia darini, na watoto wanaoga humo kila siku. Ukisikia mtekenyo ukigusa bomba, zima breka leo hii, usisubiri kesho. Hakuna maji ya moto yenye thamani ya maisha ya mtu.

Hita ya gesi ndiyo yenye kasi kuliko zote majumbani. Yenye kilowati 12 inatoa lita sita kwa dakika kwa nyuzi 45 hata huku kwetu, bila kusubiri na bila kujali volti. Mtungi wa kilo 15 unakupa saa kama 15 za maji kufunguka. Lakini moto wake unakula hewa, na ukikosa hewa safi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Isifungwe ndani ya bafu kamwe. Ikae nje ya ukuta au mahali penye upepo, na moshi wake uwe na bomba la kutokea.

Kuhusu chokaa, naona watu wamefundishwa nusu. Maji ya visima vya chumvi, kama ya Dodoma, yanaacha gamba jeupe kwenye koili kama yanavyoacha kwenye sufuria. Wanasema gamba linafanya hita ichelewe. Koili ya umeme haichelewi kwa sababu hiyo peke yake, wati zake ni zilezile na joto halina pa kwenda isipokuwa majini. Linachofanya gamba ni kuifanya koili yenyewe iwake moto kupita kiasi hadi ikatike. Kuna hali moja ambayo gamba linaleta uchelewaji: likiwa nene karibu na themostati, themostati inahisi joto la koili badala ya la maji, inazima mapema, na unaoga vuguvugu huku taa ikikuambia maji tayari. Kufungua na kusafisha kila mwaka kunatosha kwa maji mabaya. Kwa maji yetu laini ya milimani, naona koili zikitoka safi baada ya miaka mingi.

Wengine, wakitaka kupunguza kusubiri, wanashusha themostati hadi 45. Ni kweli tangi la lita 50 litakuwa tayari kwa saa moja na dakika tano badala ya saa moja na dakika 40. Lakini maji hayo hayavumilii kuchanganywa sana, basi yanaisha upesi, na kuna sababu kubwa zaidi ya kutofanya hivyo. Mwaka 1976 maveterani wa kijeshi waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, walipatwa na homa kali ya mapafu na baadhi yao wakafariki. Mwaka uliofuata watafiti walimpata bakteria aliyehusika, aliyepewa jina la Legionella. Anapenda kuzaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotulia, na katika nyuzi 60 anakufa. Acha themostati kwenye 60, changanya maji kwenye bomba la mwishoni, na usimwache mtoto mdogo afungue la moto peke yake: maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Gharama nayo. Kwa bei ya kawaida, shilingi elfu moja inanunua uniti 2.8 hivi, kwa hiyo ndoo moja ya moto ni kama shilingi 357. Tangi la lita 80 ni uniti nne, zaidi ya shilingi 1,400 kila ukilipasha kutoka baridi. Mwenye nyumba aliye kwenye daraja la uniti 75 kwa mwezi, ambaye bei yake ni kama theluthi moja ya ile ya kawaida, ajue kwamba uniti nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Hita peke yake inamtoa kwenye daraja hilo, na hapo bei inapanda kwa umeme wote, pamoja na wa taa na wa redio. Sijamkuta muuzaji anayelisema hili. Nalisema mimi kabla sijafunga chochote, na wapo walioahirisha baada ya kunisikia.

Kwa nyumba za namna hiyo, na kwa gesti na mabweni, pipa la kuni bado lina heshima yake. Pipa la lita 200 ni ndoo kumi. Huku kwenye mashamba ya misindano na miwati mabanzi hayakosekani, na kilo kumi hivi za kuni kavu kwenye jiko lililojengewa vizuri zinalipasha kwa muda wa saa moja, kazi ambayo koili ya kilowati moja na nusu ingeifanya kwa karibu saa saba.

Na jua? Paneli ya mita mbili za mraba kwenye jua kali la mchana inaingiza majini kama kilowati moja, yaani ndoo moja kwa saa, bila LUKU. Ukipata saa tano au sita za jua zuri, tangi la lita 200 linafika jioni likiwa na nyuzi 40 hivi. Lakini jua halirudishi maji usiku. Nyumba inayooga jioni inafaidika kabisa, inayooga alfajiri inapata yaliyobaki. Kwa hiyo mwenye sola anahitaji koili ya akiba, na koili hiyo iwashwe kwa taima kabla ya alfajiri. Maji yanayoanza na nyuzi 35 yana safari fupi kuliko yanayoanza na 17.

Kama tayari una hita na unashuku imechoka, unaweza kuipima mwenyewe bila kufungua skrubu hata moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, ubakize hita peke yake, na iwe inapasha. Nenda kwenye mita ya umeme. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa ni mipepeso mingapi inafanya uniti moja, mara nyingi 1,000. Kwa mita ya namna hiyo, koili ya wati 1,500 inapaswa kupepesa mara 25 kwa dakika, ya wati 2,000 mara 33. Ukihesabu 25, hita yako ni nzima na tatizo ni saa unayoiwasha. Ukihesabu sifuri huku maji ni ya baridi, koili imekatika au themostati imefunga. Ukihesabu 16 au 17, umeme unaofika ni dhaifu, na fundi utakayemwita mwambie aje na mita ya volti saa kumi na moja alfajiri au saa moja usiku, wakati mtaa mzima unatumia umeme, maana akija saa sita mchana atakuta volti 230 na kukuambia kwamba hakuna tatizo.